Wikiendi ya masika na watoto watatu: Lushoto, Morogoro au tubaki Kimara?

Swali: Shikamoo dada. Tunakaa Kimara, Dar, tuna watoto watatu, wa miaka 6, miaka 3 na miezi 9. Tumepata nafasi ya kutoka wikiendi ya Muungano, kulala siku mbili. Mume wangu anataka Lushoto kwa Noah yetu, mimi nilikuwa nawaza Morogoro kwa treni ya SGR. Sasa TMA, wale wa hali ya hewa, wanasema mvua zinaendelea, mama mkwe anasema tutawatafutia watoto nimonia, na watoto wameshaambiwa, mkubwa kila siku ananiuliza treni nayo huwa inateleza kwenye tope kama daladala? Tuahirishe? Na tukienda, tufanyeje wasishinde ndani wanalia? Mama wa Watatu.

Jibu:

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa hao watatu. Jibu fupi kwanza maana najua unasoma na mtoto mgongoni: msiahirishe, ila Lushoto iacheni kwa sasa, nendeni Morogoro kwa treni kama ulivyowaza mwenyewe, mlale sehemu moja tu usiku zote mbili, na kila siku mpange jambo moja tu basi. Ngoja sasa nieleze kwa nini, na shemeji naye asome, maana Lushoto ina wapenzi wake na mimi ni mmojawapo.

Kazi yangu ni kuongoza wageni, niko Morogoro mwaka wa kumi na tano huu, na wanangu nimewalea kwenye mvua hizi hizi za milima ya Uluguru. Familia nilizoziona zinarudi zimenuna sio zile zilizonyeshewa. Ni zile zilizokaa kwenye gari kutwa nzima, wakashuka wamechoka, wakakuta mvua, na bado baba ana orodha ya sehemu nne za kwenda kabla jua halijazama. Mtoto wa miaka 3 mvua haimsumbui, si unamwona nyumbani ikianza tu anavyokimbilia uani, kinachomsumbua ni kufungwa mkanda masaa mengi, njaa, na wazazi kubishana juu ya ratiba. Kwa hiyo mkipanga safari ya masika na watoto msianze kwa kuuliza tutaona nini huko, anzeni na tutakaa njiani muda gani, na tukifika kuna paa la kucheza chini yake?

Sasa Lushoto. Kutoka Kimara mpaka Lushoto ni zaidi ya kilomita 350, Chalinze, Segera, Korogwe, mpaka Mombo, halafu hapo ndio mnaanza kupanda zile kilomita 33 za kona, upande ukuta wa mlima, upande korongo. Kiangazi ni moja ya barabara nzuri kupita nchi hii, tunashuka pale Soni tunaangalia maporomoko, watoto wanakula mapeasi. Masika ni kitu kingine kabisa, udongo ukishalowa wiki kadhaa mfululizo mawe na miti vinashuka barabarani bila taarifa, na ukungu ukikaa humwoni aliye mbele yako. Hata mkipanda salama Ijumaa, nani anawahakikishia kushuka Jumapili? Mkifungiwa juu na mtoto wa miezi 9, pampasi zimeisha na Jumatatu kuna kazi, hiyo sio mapumziko tena. Na Lushoto iko kama mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, ikinyesha ni baridi ya kweli, watoto wa Dar hawana hata soksi za kutosha. Shemeji, ipangeni Lushoto Januari au Septemba, mwende siku nne, mtaniambia.

Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara ya kusini ilikatika maeneo ya Somanga, mabasi yakakwama na watu na watoto wao ndani. Januari 2014 mafuriko yaliharibu daraja la Dumila huku kwetu, njia ya Dodoma ikafungwa. Sisemi kuwatisha, nasema tu kwamba masika barabara ndefu ina sehemu nyingi za kukatika, na fupi ina chache.

Treni ndio imetubadilishia mambo. Toka ianze kubeba abiria Dar mpaka Morogoro Juni 2024, ile safari ya basi ambayo foleni ya malori ikikaa vibaya inafika masaa manne au matano, sasa haifiki masaa mawili. Nauli ilivyotangazwa mwanzoni ilikuwa 13,000 kwa mtu mzima treni ya kawaida, watoto wa miaka 4 mpaka 12 nusu, chini ya miaka 4 bure, ila angalieni bei ya sasa wakati wa kukata, na wikiendi ya sikukuu tiketi zinaisha mapema kwa hiyo kateni leo msingoje Alhamisi. Ndani kuna choo, kuna sehemu ya kusimama na kutembea kidogo, wa miezi 9 anaweza kunyonya umekaa vizuri bila kurushwa na matuta. Stesheni ya Morogoro iko Kihonda, sio katikati ya mji, kwa hiyo wapigieni mnakolala watume gari ya kuwapokea, msishuke na mizigo kwenye mvua ndio muanze kupatana na bajaji.

Kama shemeji bado anataka gari kwa sababu ya mizigo, sawa, ila muondoke alfajiri mfike kukiwa kweupe, waipa ziwe mpya, tairi ziwe na meno, na mtoto mdogo asikae mapajani siti ya mbele hata kama analia, mkisimama breki ya ghafla mikono ya mama haiwezi kumshika. Kioo kikiweka ukungu washa AC upepo uelekee kwenye kioo, msihangaike kufuta na kitambaa huku mnaendesha.

Kuhusu TMA, usisikilize tu "mvua zinaendelea", masika yote mvua zinaendelea. Angalia ule utabiri wao wa siku tano wa hali mbaya ya hewa, una ngazi tatu, angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Ikiwa hamna kitu kwa mkoa wa Morogoro na Pwani, nendeni. Ikiwa angalizo, nendeni ila milimani msipande. Ikifika tahadhari au tahadhari kubwa kwa siku zenu, hapo ndio mnaahirisha bila mjadala, na watoto mnawaambia ukweli kwamba maji ni mengi, wanaelewa kuliko tunavyodhani.

Tuje kwenye malazi, maana hapa ndipo wikiendi yenu itakapopona au kuharibika. Usichague kwa picha ya bwawa la kuogelea, masika hamtaogelea. Piga simu uulize hivi: mna baraza pana yenye paa ambapo mtoto anaweza kukimbia? Maji ya moto yapo, na umeme ukikatika yanapatikana vipi? Neti za kitandani zipo na hazina matundu? Naweza kupata jikoni uji asubuhi mapema na maji yaliyochemshwa? Barabara ya kuingilia ni lami au udongo? Kuna kijito karibu na vyumba? Hilo la mwisho watu hawaulizi kabisa. Wakikuambia kuna kijito kizuri kinapita chini ya chumba, kwa masika chukua chumba kilicho juu zaidi au tafuta pengine. Baraza ndio kitu cha kwanza kwangu, nyumba ya wageni ya kawaida kabisa yenye baraza nzuri na bibi anayepika vizuri inashinda hoteli yenye chumba kizuri na korido nyembamba.

Na mkifika fanyeni nini? Kwanza mjue mvua hata ya masika ina mapengo. Inanyesha, inapumua, inanyesha tena. Watu wazima tunasubiri siku nzima ya jua, haiji, tunalala tunaangalia simu. Wewe fanya hivi, kila mtoto awe na nguo zake za mvua tayari mlangoni, buti na koti, mvua ikipumua tu mnatoka, hata dakika arobaini, ikirudi mnarudi. Siku moja ina mapengo mawili matatu ya namna hiyo, na kwa mtoto wa miaka 3 dakika arobaini ni safari kamili.

Na watoto wanavyopenda vitu vya mvua! Tafuteni kinyonga kwenye michongoma, mwendo wa polepole mkono kwa mkono, msimshike tu. Konokono wakubwa wanatoka kutembea. Jongoo wamejaa, mfundishe mkubwa kutofautisha jongoo na tandu, jongoo ni duara na anajikunja, hang'ati, ila majimaji yake yakiingia machoni yanawasha kwa hiyo mikono ioshwe. Tandu ni bapa, anakimbia haraka, huyo anauma kweli, akae mbali. Usiku wasikilizeni vyura, zimeni taa barazani dakika chache muhesabu ni sauti ngapi tofauti, wanangu walikuwa wanabishana mpaka wanasinzia. Kumbikumbi wakitoka basi hapo ni sherehe, hamna haja ya kuandaa mchezo mwingine. Siafu ndio wa kuangalia, masika wanahama kwa misafara, mkiona mstari mweusi njiani mnaruka mbali, msisimame juu yake mkashangaa.

Kitu kimoja ambacho familia chache za Dar zinakijua, pale SUA, chuo kikuu cha kilimo, kuna kituo cha APOPO wanaofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kunusa kifua kikuu kwenye makohozi. Panya ni mwepesi hawezi kulipua bomu akilikanyaga, akinusa anakwaruza chini, anapewa ndizi. Yule Magawa aliyepewa medali ya dhahabu na shirika la PDSA la Uingereza mwaka 2020 kwa kazi yake Kambodia alizaliwa na kufunzwa hapa hapa. Wa miaka 6 ataongelea hiyo mpaka Krismasi. Wapigieni siku kadhaa kabla muwaulize kama wanapokea wageni siku mtakayokuwepo na saa ngapi, maana mazoezi ya panya huwa asubuhi mapema na wikiendi ya sikukuu inaweza kuwa tofauti. Mkipata, hilo ndio jambo lenu la siku hiyo, msiongeze lingine.

Siku nyingine nendeni sokoni asubuhi mvua ikiwa imelala, soko kuu la Morogoro lina paa, mkubwa mpe elfu mbili anunue matunda mwenyewe na kupatana bei mwenyewe, mrudi nayo barazani, muyaoshe, muyakate, mle. Kisha wachoreni Uluguru kutokea barazani, mawingu yakipanda na kushuka mlima unabadilika kila baada ya dakika kumi, na wakati wanachora waambie maji haya yanayoshuka pale ndio yanaingia Mto Ruvu, na Ruvu ndio inakuja mpaka bombani kwetu Kimara. Mtoto akiunganisha mvua ya mlima na ndoo yake ya kuogea nyumbani hasahau.

Ikinyesha mfululizo kweli kweli, kombolela ya ndani, karata, bao kama mwenye nyumba analo, na vitendawili. Kitendawili! Tega! Nyumba yangu kubwa haina mlango. Anza na rahisi kama hilo la yai, halafu mwache mkubwa atunge vyake, vitakuwa havina kichwa wala miguu na wa miaka 3 atacheka mpaka aanguke. Simu muiweke kwa ajili ya jioni ile saa moja ngumu kabla ya kulala, ukianza nayo asubuhi huna silaha tena. Na mpangiane zamu na shemeji, mmoja anakaa na wawili, mwingine analala lisaa limoja na yule mtoto mchanga. Bila zamu mtarudi Kimara mmechoka kuliko mlivyoondoka.

Morningside, ile ya kupanda mlimani Uluguru, kwa safari hii achaneni nayo, njia ni utelezi na mtoto mgongoni ni hatari kwenu wote wawili. Mikumi watu watawashauri, barabara kuu ya Iringa inakatiza hifadhi kwa kilomita 50 hivi na hata juu ya lami mnaweza kuona twiga na nyani, ila masika majani yameota marefu wanyama hawaonekani vizuri, na ule udongo mweusi wa bonde la Mkata ukilowa gari inakwama. Iwekeni Agosti.

Sasa nisikilize kwa makini hapa, maana haya ndio mambo matatu ambayo mimi huwa sibembelezi mgeni.

La kwanza ni maji yanayotembea. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na familia kwenye kijito juu ya mji, mchana, kwetu hapo hainyeshi kabisa, jua limechomoza hata, watoto wanachezea mawe kwenye maji ya kifundo cha mguu. Nikaona jani bichi limepita, halafu matawi mawili, maji yakaanza kuwa rangi ya chai ya maziwa. Nikapiga kelele toka, toka, acha viatu! Tumepanda ukingo hata hatujamaliza kuhesabu watoto maji yakaja kiunoni kwa mtu mzima, yanaunguruma, viatu vyote vikaenda. Mvua ilikuwa imenyesha juu mlimani sisi hatukuisikia. Baba yao alikaa chini akalia, na mimi niliporudi nyumbani usiku ule sikulala, nilikuwa nawaona tu wale watoto. Mpaka leo masika sipeleki mtoto kijitoni hata pakauke vipi. Dalili ndio hizo, rangi imebadilika, majani na vijiti vinapita, sauti imeongezeka, ukiona mojawapo huulizi. Na kwa gari hivyo hivyo, maji yakipita juu ya barabara hamvuki, hata kama lori limevuka mbele yenu, hata kama vijana wa pale wanawaambia njoo njoo. Sentimita 15 za maji yanayokimbia zinaweza kumwangusha mtu mzima, 30 zinatosha kulibeba gari dogo, na chini ya maji hujui kama barabara bado ipo.

La pili, jiko la mkaa halilali chumbani. Hili naliandika polepole kwa sababu watu wazuri wenye upendo ndio wanaolifanya. Baridi imekaa, nguo za mtoto hazikauki, mama anaomba jiko, anafunga madirisha mtoto asipate upepo. Mkaa uliowaka vizuri hautoi moshi kwa hiyo unaonekana hauna shida, kumbe unatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtoto mchanga ndio anaanza kuzidiwa. Niliwahi kugonga mlango wa wageni asubuhi tukiwa mlimani, mama akafungua anayumba, kichwa kinauma, anatapika, mtoto amelegea kama kitambaa. Tuliwatoa nje barazani, madirisha yote wazi, gari mbio hospitali, wakapona wote nashukuru Mungu, lakini tungechelewa nusu saa sijui. Ukitaka joto, mvalishe mtoto tabaka mbili tatu, soksi, kofia, mlaze katikati ya blanketi na wewe karibu. Nguo kavu utapata kwa pasi. Jiko libaki nje.

La tatu radi. Mkisikia ngurumo tu mnaingia nyumbani au kwenye gari lililofungwa, sio chini ya mwembe, sio kibanda cha makuti kisicho na kuta, na hamtoki mpaka dakika 30 zipite toka ngurumo ya mwisho. Pengo la mvua lenye ngurumo sio pengo.

Nije kwa mama mkwe, na tafadhali msibishane naye, ana hoja. Mvua yenyewe haileti nimonia, nimonia inaletwa na vijidudu, na watoto wanaambukizana zaidi wakibanwa chumba kimoja kisicho na hewa kuliko wakikimbia nje. Ila mtoto mdogo akikaa na nguo mbichi anapoteza joto haraka sana, hapo mama mkwe yuko sahihi kabisa. Kwa hiyo sheria ni akilowa anabadilishwa papo hapo, kichwa kinakaushwa kwanza, ndio mengine. Mwambie pia umejifunza kuhesabu pumzi, na ujifunze kweli. Mtoto akiwa ametulia, tazama kifua chake dakika nzima kwa saa, wa miezi 9 akifika 50 au zaidi kwa dakika, wa miaka 3 akifika 40 au zaidi, au mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, hiyo ni hospitali usiku huo huo, sio kesho. Uliza mapema mnakolala hospitali ya karibu iko wapi na nani ana gari usiku.

Mimi kwa Morogoro nina wasiwasi na mbu kuliko nimonia. Kuanzia jioni suruali ndefu na mikono mirefu, dawa ya kupaka wote hata wa miezi 9 (ya kufaa umri wake, soma pakiti, usimpake viganjani maana anavitia mdomoni), na neti, na neti ichomekwe chini ya godoro pande zote kabla mtoto hajalala. Na hili watu wanasahau, malaria haionekani siku ile ya kuumwa na mbu, inachukua wiki moja au mbili au zaidi. Kwa hiyo mmerudi Kimara, mmeshasahau safari, wiki ya pili mtoto anapata homa, msimpe panado mkasema meno, mpelekeni akapimwe siku hiyo hiyo na mseme mlitoka Morogoro.

Matumbo nayo, masika maji machafu yanaingia kila mahali. Yaliyochemshwa tu, hata ya kusukutua mdomo kwa watoto, matunda muoshe na maji hayo hayo na muyamenye wenyewe. Beba paketi nne za ORS, moja kwa lita moja ya maji safi, ikipita siku mwaga tengeneza nyingine, na huyo mdogo aendelee kunyonya kama kawaida hata akiharisha, zaidi hata.

Mizigo. Nakupa siri yangu moja tu, ndoo ya lita kumi yenye mfuniko. Inaingia nguo zilizolowa bila kulowesha mkoba, inageuka kiti, inageuka ngoma, na usiku umeme umekatika na choo kiko mbali inageuka choo cha wa miaka 3. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilishapigwa marufuku tangu Juni 2019 kwa hiyo ndoo ndio mkombozi. Khanga beba sita, zinakauka haraka kuliko taulo, ni mbeleko, ni shuka, ni pazia, ni kifuta kichwa. Nguo za watoto seti tatu kwa siku kwa kila mmoja, usicheke, masika Morogoro nguo inakaa kwenye kamba siku mbili bado mbichi. Na zile zilizoanikwa nje zipigwe pasi ya moto zote mpaka kwenye mishono, kuna nzi anataga kwenye nguo mbichi na mabuu yake yanaingia ngozini yanakuwa kama jipu, wageni wengi wanadhani ni jipu la kawaida. Tochi mbili, betri, pampasi zidisha mara mbili ya hesabu yako. Ndala ziacheni, zinateleza kwenye sakafu yenye maji, raba au buti. Chai ya tangawizi kwenye chupa kwa ajili yenu wawili, mtaihitaji saa kumi jioni.

Na mkubwa wako mjibu leo leo, maana ameuliza swali la maana. Mwambie hapana, haitelezi kwenye tope kwa sababu haigusi tope, inapita kwenye reli zake za chuma juu ya tuta, na inaendeshwa kwa umeme, aangalie nyaya zake juu. Mkiweza kateni siti za upande wa kushoto mkitoka Dar. Akae dirishani, mkifika Ruvu mwonyeshe mto ulivyojaa na rangi yake ya udongo, na baada ya Ngerengere aanze kutafuta milima ilipo nyuma ya mawingu, ataiona kabla yenu.